Uraibu: Neno Linalopotea Daftarini

Kijana wa miaka 29 anafika kwenye zahanati moja huko Igembe saa tatu asubuhi. Mkononi ana kitabu cha hospitali, kile kidaftari cha shule alichokinunua dukani njiani kwa sababu cha zamani kimepotea. Tumbo linamchoma, choo ni kigumu, usiku hapati usingizi. Anayaeleza hayo kwa Kimeru. Tabibu, aliyeletwa na kazi kutoka kaunti nyingine, anamuuliza kwa Kiswahili, "Unakula miraa?" Kijana anatabasamu, anatazama chini. "Kidogo tu, daktari." Tabibu anashika kalamu. Katika rejista kubwa ya wagonjwa wa nje, ile inayojulikana kwa nambari yake, MOH 204B, anaandika herufi tatu za Kiingereza, PUD, yaani vidonda vya tumbo. Anaandika dawa, kisha anaita anayefuata.

Lugha tatu zimepita katika chumba kile kwa dakika tano, na miraa haikuandikwa kwa hata moja.

Kijana huyu si mtu mmoja. Ni mfano wa wengi, kuanzia Maua na Kangeta hadi Siakago na Ishiara upande wa Embu, ambako miraa imeiachia nafasi muguka, aina yake inayotafunwa majani. Mtafiti akija mwaka kesho kuwahesabu waraibu kwa kupekua rejista ile, kijana wetu atamkuta kwenye safu ya wagonjwa wa tumbo. Ndiyo maana naanza na istilahi kabla ya takwimu. Daftari halina uwezo wa kuhesabu kitu ambacho aliyelijaza hakukipa jina.

Jina lenyewe ni uraibu. Wasomaji wa magazeti wamelizoea: uraibu wa pombe, uraibu wa kamari, uraibu wa simu. Kwa wazee wa Pwani neno hili lilikuwa karibu zaidi na kinywa. Uraibu ulikuwa kile kinachotafunwa kwa kujiburudisha, tambuu pamoja na popoo, chokaa na tumbaku yake. Polepole maana ikahama kutoka kwa kitu, ikakaa kwenye hali ya mtu aliyeshikwa na kitu hicho. Naona neno hili linawafaa watu wa Meru na Embu kuliko wa mahali pengi, maana lilizaliwa kwenye kutafuna na sasa limekuja kueleza wanaotafuna.

Lina washindani. Ulevi ndio unaotangulia midomoni mwa watu, lakini ulevi ni hali ya aliyelewa usiku mmoja na pia ya aliyeshindwa kuacha kwa miaka 20, tena neno lenyewe linabeba lawama. Mtu akiambiwa mlevi mbele ya foleni ya zahanati, hatarudi. Mazoea ni mepesi mno; hata chai ya saa nne ni mazoea. Utegemezi una heshima ya kitaalamu. Mwaka 1964 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza dhana ya utegemezi ichukue nafasi ya istilahi mbili zilizokuwa zikichanganywa, na madaktari wengi wakaifuata. Ila katika Kiswahili chetu cha kila siku mtegemezi ni mtoto unayemlipia karo au mama mzee unayemlisha. Ukimwambia mkulima wa Mbeere kwamba mwanawe ni mtegemezi wa muguka, atakujibu kwamba nyumba yake nzima inategemea muguka, na atakuwa amesema kweli tupu.

Basi nauchagua uraibu, kwa sharti kwamba tuulinde mipaka yake. Uainishaji wa magonjwa wa kimataifa, toleo la kumi, unataka angalau dalili 3 kati ya 6 zionekane ndani ya mwaka mmoja: hamu isiyozuilika, kushindwa kudhibiti kiasi au muda wa kutumia, mwili kusumbuka mtu anapokosa, hali ambayo vijana wa Pwani wanaiita arosto, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi ili kupata stimu ileile, kuacha shughuli nyingine, na kuendelea kutumia huku madhara yanaonekana. Kwa kipimo hicho mzee wa Igembe anayetafuna vijiti vichache jioni baada ya kupalilia si mraibu. Wala si mraibu anayepokea kitita cha heshima posa inapoletwa, desturi ambayo Wameru wameishi nayo tangu zamani. Huyo ni mtumiaji. Utafiti unaomtia mtumiaji na mraibu kapu moja unaidhulumu jamii nzima, na jamii ikishadhulumiwa na utafiti mmoja haifungulii mlango wa pili.

Istilahi ya pili ni kumbukumbu za huduma ya msingi, mahali uraibu huo ulipaswa kuandikwa. Wengi husema rekodi, na sina ugomvi nao, ingawa rekodi inavunjwa na wanariadha na kuchezwa na waimbaji. Kumbukumbu ndilo neno tunalotumia kwa yaliyoandikwa mkutanoni ili yasisahaulike, na kazi ya daftari la tabibu ni hiyohiyo. Neno msingi nalo lisitudanganye kwa kutukumbusha darasa la kwanza. Kenya hupanga huduma za afya kwa ngazi sita, na msingi ni pale chini panapobeba nyumba: wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, zahanati, kituo cha afya. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi mwaka 2023 kwa kutambua uzito huo. Hospitali kubwa za rufaa za Meru na Embu humpokea mraibu akiwa tayari amechanganyikiwa, amevunjika mguu au ini limeharibika. Zahanati ndiyo inayomwona mapema, akiwa bado anasema "kidogo tu".

Kumbukumbu za ngazi hiyo zinaweza kufanyiwa utafiti zikitunzwa pamoja: Uingereza ilianza mwaka 1987 kukusanya kumbukumbu za madaktari wa mitaa katika hazina moja ya kompyuta, ambayo leo inaitwa CPRD. Nguvu ya hazina ile ni kwamba mkazi ana daktari wake aliyeandikishwa kwake, hivyo mtafiti anaweza kumfuata mtu yuleyule, bila kulijua jina lake, tangu siku alipoulizwa mara ya kwanza juu ya pombe hadi siku alipopata ugonjwa wa ini miaka 15 baadaye. Kwetu kitabu cha hospitali hukaa na mgonjwa. Kikilowa mvua au kikisahauliwa kwenye matatu, historia yake imekwenda nacho. Akihama kutoka Runyenjes kwenda Embu mjini anapewa nambari mpya. Rejista inahesabu mahudhurio, haihesabu watu, na mraibu mmoja aliyekuja mara 6 anaweza kuonekana kama wagonjwa 6 wa magonjwa 6 tofauti.

Mwisho wa mwezi rejista hufupishwa. Muhtasari wa wagonjwa wa miaka 5 na zaidi, MOH 705B, huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa habari za afya, ule ambao Kenya iliueneza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, ikiwatangulia majirani wengi. Ni kazi kubwa na nawaheshimu wanaoifanya kwa kalamu usiku wa tarehe za mwisho. Lakini muhtasari unabeba hesabu tu. Mambo aliyoyasema mgonjwa hubaki nyuma, na uraibu, hata ukiwa uliandikwa, unamezwa na safu pana ya magonjwa ya akili.

Ndiyo sababu watafiti wengi hulazimika kubisha hodi. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2019, ukihusu miraa na dalili za matatizo ya akili katika maeneo ya Meru na Embu yanayoilima, uliwafikia watu 831 wenye umri wa kuanzia miaka 10, na zaidi ya theluthi moja walikuwa wakitafuna. Njia hiyo inafika kwa asiyekwenda zahanati kabisa. Haiwezi, hata hivyo, kuonyesha kilichotokea miaka mitatu kabla au miwili baada ya siku ile ya mahojiano. Hiyo ni kazi ya kumbukumbu.

Tuliona gharama ya pengo hili Mei 2014, pombe iliyochanganywa na methanoli ilipoua makumi ya watu nchini, Embu ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Waliosalimika, baadhi yao walipofuka. Methanoli hugeuzwa na ini kuwa asidi inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na haichagui mraibu na asiye mraibu. Lakini anayekunywa kila siku, na anayetafuta pombe ya bei ya chini kuliko zote, ndiye yuko karibu zaidi na chupa ya sumu. Mtu huyo kwa kawaida alikwisha kupita zahanati na jeraha la kuanguka, na gastritisi, na shinikizo la damu lisilotulia. Nani aliandika neno pombe kando ya jeraha lile?

Mei 2024 tena, gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka na kaunti jirani zikafuata, wakulima wa Embu walisimama kutetea mkate wao, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo. Pwani walizungumzia watoto wao walioharibika. Embu walizungumzia karo. Wote walikuwa na uchungu wa kweli. Swali la ni wangapi waliougua, kwa umri gani, baada ya kutumia kiasi gani na kwa muda gani, lingehitaji daftari zilizojazwa vizuri kwa miaka, katika pande zote mbili.

Kuna anayeogopa kuandikwa hivyo, na ana haki ya kuogopa. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inamfunga mwenye bangi. Mgonjwa akiona tabibu anaandika neno bangi, anawaza polisi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika fungu la data nyeti, inaruhusu zitumike kwa utafiti, na inakataza matokeo kuchapishwa kwa namna inayomtambulisha mtu. Watafiti huiita hatua hiyo kuficha utambulisho, nami nashauri isiishie kwenye kufuta jina. Katika kijiji cha nyumba 60, ukiandika "mwanamke, miaka 34, mwalimu, pombe", umekwisha kumtaja. Kijiji kigeuzwe kaunti ndogo, umri uwekwe katika makundi, kazi iondolewe kama haihitajiki. Kimeru na Kiembu vina majina ya kuwaita waraibu ambayo hayasahauliki kirahisi, na mtoto wa mwalimu yule atayasikia shuleni.

Ninachowaomba matabibu hakihitaji kompyuta. Baada ya herufi PUD, ongezeni neno moja na kiasi: miraa, kila siku, miaka 8. Msiandike mlevi. Msiandike uraibu kabla ya kuuliza zile dalili 6. Andikeni matumizi mpaka mtakapokuwa na hakika. Ulizeni kwa lugha ya mgonjwa, na kama hamuijui, mwiteni anayeijua na aliyeapa kutunza siri, asiwe jirani aliyeketi kwenye benchi.

Nawe msomaji, siku utakaporudishiwa kitabu chako dirishani, kifungue kabla hujafika langoni. Soma alichoandika tabibu, na kama ni herufi usizozielewa, rudi ukaulize maana yake kwa Kiswahili. Sheria ya 2019 inakupa haki ya kuiona kumbukumbu yako na kutaka kosa lililomo lirekebishwe.