Saini ya Salma

Sehemu ya 3

ILIPOISHIA: Salma, fundi cherehani wa Mbagala, amelazwa hospitali akiwa na vyuma mguuni baada ya kugongwa na lori la mchanga. Mwanaume mwenye shati jeupe amefika kitandani kwake na bahasha yenye shilingi 300,000 na karatasi ya kusaini. Shemeji yake anamhimiza apokee. Salma ameshika kalamu...

SASA ENDELEA.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

Naam, msomaji wangu, imeshagusa! Kinukta cha wino wa bluu kilikuwa kimekaa juu ya mstari wa saini. Herufi ya kwanza tu ya jina lake, na yangekuwa yamekwisha.

"Mwanangu, ngoja kwanza."

Sauti ilitoka kitanda cha dirishani. Pale alilala bibi mmoja aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Tangu Salma aletwe wodini, bibi huyu hakuwahi kusema zaidi ya "marahaba".

"Hiyo karatasi umeisoma?"

"Kaka amenisomea, bibi."

"Sijamuuliza yeye. Wewe, kwa macho yako, umeisoma?"

Shati Jeupe akatabasamu. "Mama yangu, haya tunayamaliza kibinadamu tu. Mwenye gari ana huruma, ndiyo maana amenituma."

"Vizuri sana. Basi tusomee mstari wa mwisho kwa sauti, baba."

Kimya.

Unadhani alisoma? Alijifanya anatafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni kwake!

Salma akaivuta karatasi, akasoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno: nimepokea kiasi hicho kama malipo kamili na ya mwisho, na sitakuwa na madai mengine yoyote dhidi ya mmiliki wa gari, dereva wala kampuni ya bima, sasa au baadaye.

Kamili. Na ya mwisho. Laki tatu.

Usimhukumu haraka kwa kuishika ile kalamu. Mguu uliovunjika ni wa kulia, ndio anaokanyagia cherehani. Cherehani yenyewe kainunua kwa mkopo wa kikoba, na rejesho halijui kama mtu kalazwa. Mwanawe Idi yuko kidato cha tatu. Kwa mtu anayelala akihesabu bili, laki tatu taslimu ina sauti yake, na inaongea usiku kucha.

"Shem, chukua," shemeji alinong'ona. "Mambo ya bima yanakwenda miaka. Utasubiri mpaka lini?"

Hapo, kusema ukweli, hakuwa amedanganya. Madai mengi huchelewa, na wenye haraka wanalijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe.

Lakini Salma aliiweka kalamu chini. "Kaka, rudi kesho. Nitafikiri."

Tabasamu likaondoka usoni mwa yule mtu kama taa ya umeme uliokatika. Akachukua bahasha. Akachukua karatasi. Akatoka, na shemeji akamfuata nyuma mbio mbio, "namsindikiza tu."

Sasa sikiliza. Karatasi alizokuja nazo zilikuwa mbili, nakala na nakala. Aliondoka na moja. Ya pili, ile yenye kinukta cha wino, ilikuwa chini ya kiwiko cha Salma.

Na yule bibi je? Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi aliziona karatasi za namna hii zikipita mezani, zikiwa na madole gumba ya watu waliosainishwa wakiwa bado na dripu mkononi.

"Sikia mwanangu," alianza. "Dereva akishtakiwa akatozwa faini, ile faini inaingia serikalini, wewe hupati hata mia. Mguu wako unaudai kivyake. Sheria inakupa miaka 3 ya kufungua madai kama haya. Sasa mtu anayetaka umalize kabla ya chai ya saa nne, haraka hiyo ni ya nani?"

Salma hakujibu.

"Ungeumia ukiwa kazini kwa mwajiri, ningekuelekeza WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Wewe umegongwa barabarani, kwa hiyo njia yako ni mwenye gari, dereva wake na bima ya gari. Kila risiti weka. Ya dawa, ya bajaji, ya magongo, zote. Maumivu na ulemavu hakimu atayapima mwenyewe, lakini hela uliyotoa mfukoni ataitaka kwenye karatasi. Na daftari lako la wateja usilipoteze, ndilo litakaloonyesha ulikuwa unaingiza nini kwa mwezi."

Daftari! Salma aliwaza lile daftari la kava jekundu, lenye vipimo vya viuno na mabega ya watoto wa shule nzima. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja lingeitwa ushahidi.

"Namba ya lori mnayo?"

Wanayo. Kijana wa bodaboda aliyemfunga Salma mguu kwa kanga pale Rangi Tatu alipiga picha ya lori kabla halijasogezwa, akamtumia Idi. Mungu ambariki kijana huyo. Ushike moyoni wema wake, maana picha hiyo ina saa na tarehe ndani yake, na bado ina kazi.

Jioni, muda wa kuona wagonjwa, Idi akaingia na uji kwenye chupa ya chai. Hata hajakaa, bibi akamwagiza atoe simu.

"Ingia kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Andika namba ya gari. Stika siku hizi ni za kielektroniki, mtu yeyote anaweza kuhakiki."

Idi akaandika. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka. Kikazunguka. Mtandao wa wodini, unaujua mwenyewe.

"Ipo!" akaruka. "Mama, lori lina bima! Lakini ni bima ndogo."

Bega la Salma likashuka. Bima ndogo? Si ndiyo ile ya watu wasio na hela?

"Ndiyo hiyohiyo unayoitaka," bibi alisema. "Bima kubwa inatengeneza mpaka gari lake. Ndogo ndiyo ya lazima kisheria kwa kila gari linaloingia barabarani, na imewekwa kwa ajili ya mtu wa nje anayegongwa. Wewe ndiye mtu wa nje."

Salma alicheka. Mara ya kwanza tangu ajali! Alicheka mpaka vyuma vikamuuma. Idi akaanza kumimina uji, na mimi ningependa sana niishie hapa, niwaache wanywe uji wao kwa amani.

Lakini bibi hakucheka.

"Idi, mjukuu wangu. Imeanza lini?"

"Nini, bibi?"

"Bima. Mfumo unaonyesha imeanza lini?"

Idi akashusha macho kwenye kioo. Akasoma. Akasoma tena. Uji ukamwagika kwenye shuka.

"Tarehe 12."

Salma aligongwa Jumanne, tarehe 11. Hawezi kuikosea, kwa sababu alikuwa anavuka kwenye zebra na mfuko wa sare za shule alizoahidi kuzikabidhi Jumatano.

Umeona? Siku ya ajali lori lilikuwa barabarani bila bima. Tajiri wake alikimbilia kukata bima kesho yake, damu ikiwa haijakauka lami.

"Kwa hiyo nimekosa?" Salma aliuliza, sauti ndogo.

"Hujakosa. Bima isipokuwepo, mwenye gari na dereva bado wanadaiwa, inatoka mfukoni kwao. Na kuendesha bila bima ni kosa lingine juu yake." Bibi akanyoosha mkono. "Nipe ile karatasi."

Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Sasa hakusoma mstari wa mwisho. Alisoma wa kwanza, ule ambao kila mtu anauruka.

Mimi, niliyetajwa hapo juu, nilipata ajali siku ya Jumatano, tarehe 12...

Wodi nzima ilikuwa na kelele za wageni, lakini pale vitanda viwili vilikuwa kimya kabisa. Kumbe bei ya laki tatu haikuwa ya mguu peke yake! Shati Jeupe alikuja kununua na tarehe. Salma angesaini, angekuwa ameisogeza ajali yake kwa siku moja, kwa mkono wake mwenyewe, na siku kampuni ya bima ikilinganisha na kumbukumbu za polisi, mwongo angeonekana ni nani?

"Tulia," bibi alisema. "Una fomu ya polisi, PF3. Ilitolewa usiku uleule, ina tarehe ya kweli na daktari amejaza majeraha yako. Hiyo karatasi yao haifui dafu mbele yake. Iko wapi?"

Salma akafungua droo. Kadi ya hospitali, ipo. Picha za eksirei, zipo. Kitambulisho, kipo.

PF3?

Akakumbuka. Jana, baada ya chakula cha mchana. "Shem, nipe nikatoe kopi, ikipotea utahangaika."

Idi alikuwa ameshapiga namba ya shemeji. Akaweka sauti ya nje. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Shem? Shem, ile PF3 uko nayo?"

Pumzi. Muungurumo wa injini ya lori. Kisha sauti, ya upole kabisa, na haikuwa ya shemeji.

"Dada Salma. Nilikuwa naelekea kukupigia. Sasa umeshafikiri?"

Je, shemeji ameuza, au na yeye ameingizwa mtegoni? Jumamosi ijayo, hapahapa, tutakwenda na Idi mpaka kituo cha polisi, tuone kilichoandikwa kwenye kitabu cha usiku wa tarehe 11. Usikose!