Mahasimu Walioungana, Mfalme Akakataa

Mwezi Machi 1782, Charles James Fox alisimama bungeni London na kuwashambulia mawaziri wa Lord North, waziri mkuu aliyekuwa akiyapoteza makoloni ya Marekani. Aliapa kwamba siku atakayopatana na yeyote kati yao, aitwe mtu mwovu kuliko wote duniani. Mwaka mmoja baadaye, Fox na North walikuwa mawaziri katika serikali moja.

Hesabu ya kura ndiyo iliyowakutanisha. Baada ya North kujiuzulu, bunge lilibaki na makundi matatu makubwa: lake, la Fox, na la Lord Shelburne aliyekuwa madarakani. Hakuna kundi lililoweza kutawala peke yake. Februari 1783, Fox na North waliunganisha wafuasi wao, wakaupinga mkataba wa amani wa Shelburne wa kumaliza vita vya Marekani kwa kura 224 dhidi ya 208. Shelburne akang'oka.

Mfalme George III alikasirika mno. Alihangaika zaidi ya wiki tano akitafuta mtu mwingine wa kuunda serikali, hata akaandika rasimu ya tamko la kuachia kiti cha enzi. Tarehe 2 Aprili alisalimu amri. Duke wa Portland akawa waziri mkuu, Fox akashika mambo ya nje na North mambo ya ndani.

Lakini mfalme alikuwa na silaha yake. Alikataa kuwapa wafuasi wa mseto huo vyeo vya ulodi, na kila mwanasiasa alielewa maana yake: serikali hii haina baraka za ikulu.

Kilichobaki kilikuwa kupata kisingizio cha kuiangusha. Novemba 1783, Fox alileta muswada wa kuiweka Kampuni ya India Mashariki chini ya makamishna saba walioteuliwa na bunge. Wapinzani walipiga kelele kwamba anataka kujitwalia utajiri wa India. Baraza la chini liliupitisha muswada huo kwa kura 208 dhidi ya 102. Ndipo mfalme alipomtuma Lord Temple awaambie malodi wa baraza la juu kwamba atakayeuunga mkono atahesabiwa adui yake. Tarehe 17 Desemba malodi waliuangusha kwa kura 95 dhidi ya 76. Usiku wa kuamkia tarehe 19, Fox na North walifukuzwa kazi, na William Pitt, kijana wa miaka 24, akapewa uwaziri mkuu.

Uchaguzi wa 1784 ulimpa Pitt ushindi mkubwa. Wengi waliuchukia muungano uliozaliwa na matusi ya jana, na hasira yao ilikuwa ya haki. Hata hivyo, kosa la mfalme lilikuwa zito zaidi: aliwatisha watunga sheria ili aiangushe serikali yenye wingi wa kura bungeni.

Mwaka 1794, Portland yuleyule aliingia katika serikali ya Pitt kama waziri wa mambo ya ndani. Nao ulikuwa mseto wa waliokuwa wapinzani, ila safari hii mfalme aliuridhia, ukadumu hadi 1801.