Kidonge Kisichovunjika

Sisi watu wa inchi za joto tunaijua malaria tangu utoto wetu. Mama anampa mtoto kidonge na maji, kisha anangoja homa ipungue. Lakini je, tumepata kujiuliza kidonge kinafanya nini kikiisha kumezwa? Sharti kivunjike tumboni, na dawa iliyomo sharti iyeyuke, ndipo iingie katika damu. Kisipovunjika, kinapita tu kama kijiwe. Tusikie namna jambo hili lilivyowasumbua wenye elimu wa Uchina.

Mwezi wa Mei 1967 serikali ya Uchina ilianzisha kazi ya siri, iliyoitwa Kazi 523, ili kutafuta dawa mpya ya malaria. Klorokini ilikuwa imeanza kushindwa, na askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakiugua sana porini. Mwaka 1969 bibi Tu Youyou, mwenye elimu ya dawa huko Beijing, aliingizwa katika kazi hiyo. Yeye na wenzake wakakusanya maagizo zaidi ya 2.000 ya waganga wa zamani.

Mmea mmoja, qinghao, uliwapa matumaini, kisha ukawadanganya: leo una nguvu, kesho hauna. Ndipo Tu akasoma tena kitabu cha mganga Ge Hong, cha karne ya 4. Ge Hong aliagiza kuloweka majani katika maji, kuyakamua na kunywa maji yake. Hakutaja kuchemsha! Tu akafahamu kwamba huenda moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia eteri, ambayo inachemka kwa digrii 35 tu. Mwezi wa Oktoba 1971 dawa yake ya namba 191 ikaua vijidudu vyote vya malaria katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wao wenyewe kwanza, waone kama haina sumu. Mwisho wa mwaka huo wakapata chembe nyeupe safi, zinazoitwa leo artemisinini.

Sasa ikaja taabu nyingine. Chembe hizo haziyeyuki vema katika maji, wala katika mafuta. Mwaka 1973 zikafanywa vidonge, vikapelekwa kwa wagonjwa kisiwani Hainan. Matokeo hayakupendeza. Mtu mwenye haraka angesema: « Dawa hii ni bure, tuitupe. » Wao hawakusema hivyo. Walivichunguza vidonge vyenyewe, wakaona kosa: mashine ya zamani ilikuwa imevishindilia vibaya, navyo havikuvunjika inavyopasa. Basi wakaitia dawa ile ile katika kapsuli, yaani vifuko vidogo vinavyoyeyuka tumboni. Wagonjwa wakapona.

Tufahamu vizuri: dawa haikubadilika hata kidogo. Nguo yake tu ndiyo iliyobadilika.

Baadaye, katika miaka hiyo ya 1970, Wachina wakaigeuza artemisinini yenyewe, wakapata artesunati, ambayo chumvi yake inayeyuka katika maji na inaweza kupigwa kwa sindano. Faida yake ilionekana katika Afrika pia. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto 5.425 wenye malaria kali katika inchi tisa za Afrika, na Kongo yetu mojawapo. Kati ya watoto 100 waliopewa kinini, walikufa karibu 11. Kati ya 100 waliopewa artesunati, karibu 8 au 9. Tu Youyou naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Leo viwanda vyema vinapima vidonge katika maji yenye joto la mwili, digrii 37, vione kama vinavunjika na kuyeyuka kwa wakati wake. Kazi hiyo hatuioni, wala hatuisifu. Lakini kidonge kilichofanywa vibaya kinaweza kuwa na dawa ya kweli ndani yake, na mtoto akafa nayo tumboni.