Demokrasia darasani: mwanafunzi wa Kasingirima aanzie wapi?

Muulize mwanafunzi wa sekondari demokrasia ni nini, atakujibu fasta: serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu. Sasa muulize kati ya diwani, mtendaji wa mtaa na mkuu wa wilaya, nani anapigiwa kura. Hapo wengi hukwama. Somo la Uraia sekondari limefundishwa kwa Kiingereza miaka mingi, na kukariri sentensi ni rahisi kuliko kuielewa.

Katika kata ya Kasingirima, Manispaa ya Kigoma/Ujiji, mwalimu hana haja ya kwenda mbali. Diwani na mwenyekiti wa mtaa wanachaguliwa na wakazi. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais. Mtoto akishajua hilo, anajua pia nani wa kuulizwa mtaro ukiziba.

Mfano mzito zaidi umetokea hapo hapo mjini. Mwaka 1994, miaka miwili tu baada ya vyama vingi kurudi, Kigoma Mjini ilifanya uchaguzi mdogo wa ubunge. Mgombea wa CCM alitangazwa mshindi. Dk. Aman Walid Kabourou wa Chadema akaenda mahakamani, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Radio Tanzania, redio ya umma, ilimbeba mpinzani wake. Matokeo yalitenguliwa, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Wanasheria wanaijua sana kesi hii. Kidato cha pili cha Ujiji nao wanaihitaji, kwa sababu inaonyesha kuwa kura inaweza kuharibika kabla hata ya sanduku kufunguliwa.

Kwa mdahalo, ziwa linatosha. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Gawa darasa: wavuvi, wachuuzi wa dagaa, maofisa uvuvi, walaji. Kisha wabadilishane pande, kila mmoja atetee asichokipenda. Kelele zitakuwepo, ziache kidogo.

Mtihani wenyewe, hata hivyo, ni uchaguzi wa viranja. Walimu kuchuja majina si kosa. Kosa ni jina kukatwa bila sababu, au mshindi kubadilishwa ofisini kwa walimu. Somo hilo mwanafunzi halisahau, ila amejifunza kinyume. Sifa za wagombea zibandikwe mapema, kura iwe ya siri, ihesabiwe mbele ya wagombea, na aliyeenguliwa aambiwe kwa nini.

Halafu viongozi hao wapewe kazi zaidi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Kama shule ina sanduku la maoni, walifungue wao na mwalimu mmoja, na majibu yasomwe mstarini, hata yale ya "haiwezekani, hela hamna".