'Uhuru', maputo na siri ya eksirei za angani

TAREHE 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ya Marekani iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Wenyewe wakaibandika jina Uhuru. Hadi leo, herufi U katika majina ya vyanzo kama 4U 1700-37 ni ya neno hilo la Kiswahili, japo wengi wanaoyaandika hawalijui.

Uhuru iliweza kuhesabu eksirei na kuonyesha zilikotoka. Haikuweza kueleza zinatetemeka kuelekea upande gani. Hebu waza kamba ya watoto ya kuruka: yaweza kutikiswa juu na chini, au kushoto na kulia. Mitetemo ya miale ikielemea upande mmoja, wanafizikia husema kuna polaraizesheni. Binafsi naafiki tulikope neno hilo. Anayekimbilia 'mgawanyiko' anapotosha, kwani hapa hakuna kinachogawanyika.

Suala lenyewe si dogo. Wachina waliona nyota ikilipuka mwaka 1054, na mabaki yake, Crab, yangali yanatoa eksirei. Je, hutoka kwa gesi yenye joto kali au kwa elektroni zinazozunguka katika uga wa sumaku? Gesi haingetoa polaraizesheni ya kutajika, elektroni zingetoa. Mwaka 1971 Robert Novick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walirusha roketi iliyopata dakika chache tu za kutazama, wakaona dalili. Setilaiti OSO-8, iliyorushwa 1975, ikathibitisha: asilimia 19 hivi. Elektroni zikashinda.

Kisha, kimya. Kifaa kilichoundwa kwa ajili ya setilaiti ya Kirusi hakikuruka kamwe. Mradi wa GEMS ulifutwa na NASA mwaka 2012. Katika ukame huo ndipo wenye maputo walipojitosa.

Hewa humeza eksirei kabla hazijatufikia (afadhali kwetu!), hivyo puto la heliamu hupandisha darubini takriban kilomita 40, ambako eksirei zenye nishati kubwa hupenya. Katika X-Calibur, ya Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, eksirei hugonga fimbo ya beriliamu na kutawanyika, nyingi zikienda pembeni mwa uelekeo wa mtetemo. Vitambuzi vinavyoizunguka fimbo huzihesabu. Basi, ni hesabu ya subira.

Na subira ilihitajika kwelikweli. PoGOLite ya Waswidi ilikatizwa 2011 puto lilipovuja. Ya 2013 ikaishia Urusi. Mrithi wake, PoGO+, iliruka 2016 kutoka Esrange, karibu na Kiruna, hadi Kanada, ikapima Crab na kupata asilimia 21 hivi, kwa nishati kubwa kuliko zile za OSO-8.

Setilaiti IXPE ilipopaa Desemba 2021, kiongozi wake alikuwa Martin Weisskopf, yuleyule aliyeshughulikia OSO-8 ujanani. Je, maputo yamepitwa na wakati? La hasha. IXPE hupima eksirei za nishati ndogo tu. Julai 2024 XL-Calibur iliruka kutoka Esrange hadi Kanada, ikatazama Crab pamoja na Cygnus X-1, chanzo kilekile ambacho vipimo vya Uhuru vilichangia kukitambulisha kuwa shimo jeusi.