Kabla Rungwe haijatafuta dampo jipya

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi, nzi na uvundo wa dampo. Mahakama Kuu iliwapa ushindi na kuamuru Jiji liache kutupa taka pale, litafute eneo lisilodhuru watu. Jiji halikuhama. Liliomba muda likapewa, likaomba tena likaongezewa, hadi mwaka 1991 liliporudi na ombi jingine na kumkuta Jaji Kahwa Lugakingira, ambaye alikataa. Jaji alistaajabu kuona mamlaka ya umma inakuja mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akasimamia Ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Haki hiyo na nyingine za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini wananchi walianza kuzidai mahakamani mwaka 1988 tu, kwa hiyo jalala la Tabata lilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuzipima. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo hadi leo. Kwa msomaji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, yenye faida zaidi ni yale yaliyofuata baada ya hukumu.

Magari ya taka yalielekea Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, zaidi ya 700, nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 1991 na kushinda, kwani eneo lao lilikuwa limepangwa kuwa la makazi. Dampo likahamia Vingunguti, jirani na bonde la Mto Msimbazi, na malalamiko yakaanza upya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaenda Mtoni. Ilipokaribia 2007 likapelekwa Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na kila kilomita iliyoongezeka ililipiwa kwa mafuta, matairi na siku ambazo gari halikufika mtaani. Hayo ni maeneo matano ndani ya miaka ishirini. Katikati ya safari hiyo Halmashauri ya Jiji yenyewe ilivunjwa, mwaka 1996, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na kampuni binafsi zilikuwa zimeshaingia kwenye kazi ya kuzoa taka. Viongozi walibadilika, wazoaji walibadilika, viwanja vilibadilika. Mzigo ndani ya gari haukubadilika.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya vyakula na mimea: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, nyanya zilizooza, mashina ya mboga. Ukizirundika pamoja na plastiki, vitambaa na chupa, zinaoza bila hewa na kutoa gesi inayowaka, ndiyo asili ya ule moshi usiokatika. Zinatoa pia maji meusi yanayopenya ardhini au kuchuruzika mtoni, na kualika nzi, panya na mbwa. Karibu kila kero iliyowapeleka wakazi wa Tabata mahakamani ilitoka kwenye sehemu hii ya taka inayooza. Dar es Salaam ilitumia miongo miwili kutafuta mahali pa kuiweka, na mahali hapo hapakupatikana kwa sababu hapapo.

Anayeona bara ni kubwa na ardhi haiishi atazame Unguja, kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 1,600. Mji wa Zanzibar ulitupa taka Jumbi, kisha Kibele, Wilaya ya Kati, na Kibele ikaingizwa katika mradi wa huduma za miji uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili pawe na dampo la kisasa. Kisiwani hakuna Pugu ya kukimbilia. Jiwe lenyewe ni la matumbawe, limejaa mianya na mapango, na maji yanayonywewa hutoka chini ya jiwe hilohilo. Kinachomwagwa juu kina njia fupi kuelekea kisimani, na hoteli za mwambao huongeza mzigo kila msimu wa watalii. Rungwe haina bahari, lakini kwa suala la ardhi hali yake haitofautiani sana na ya Unguja. Migomba, chai, kahawa na nyumba vimebanana kuanzia miteremko ya Mlima Rungwe hadi mpaka wa Kyela. Mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo ni wa volkano, maji hupita upesi, na mito ya Kiwira na Mbaka inashuka moja kwa moja hadi Ziwa Nyasa. Uchafu wa Tukuyu hauishii Tukuyu.

Wapo watakaosema kwamba tatizo la Tabata na Vingunguti lilikuwa ushamba wa ujenzi: jengeni dampo la kihandisi, lenye sakafu isiyopitisha maji na mabwawa ya kusafishia, kama la Nsalaga lililojengwa Mbeya chini ya mradi wa miji ya kimkakati, na mambo yatatulia. Hoja hii ina uzito. Dampo la kihandisi ni bora mara nyingi kuliko shimo la wazi, na sina ugomvi na Nsalaga. Ila tazameni dampo la Kiteezi, la jiji la Kampala. Lilifunguliwa mwaka 1996 kwa fedha za Benki ya Dunia, kama dampo la kisasa. Likapokea taka mchanganyiko mwaka hadi mwaka, likajaa, likaendelea kupokea, na tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka uliporomoka na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wakuu wa mamlaka ya jiji walifukuzwa kazi, jambo ambalo halikumrudisha aliyefukiwa. Kiteezi ilishindwa na wingi na unyevu wa kilichomiminwa juu ya ule uhandisi, na unyevu Rungwe inao tele, pamoja na miteremko.

Na kusafirisha taka hadi Nsalaga? Kutoka Tukuyu hadi huko ni kilomita zipatazo 60 za kupanda na kushuka. Ganda la ndizi sehemu kubwa ni maji. Halmashauri itakuwa inanunua dizeli ili kusafirisha maji hadi Mbeya, na maji ni kitu ambacho Rungwe haijawahi kupungukiwa.

Inashangaza kwamba tatizo hili linatakiwa lielezwe hapa Rungwe, kwa Wanyakyusa. Mwaka 1879 Mskochi Joseph Thomson alipita kwa Wanyakyusa wa uwanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambao leo ni Kyela. Alipoandika safari yake alisifia migomba iliyopandwa kwa mpangilio, nyumba nadhifu, na viwanja ambavyo magugu na takataka vilikuwa vimeondolewa kwa uangalifu. Wasafiri wa wakati ule walikuwa na tabia ya kutia chumvi, lakini usafi huo hauhitaji miujiza kuuelezea. Majivu, samadi na maganda vilirudi kwenye shina la mgomba. Hakukuwa na jalala kwa sababu shamba lilikuwa na njaa ya kile ambacho nyumba ilikitupa, na katika kaya nyingi za vijijini Rungwe bado ni hivyo. Utaratibu ulikatika pale bidhaa zilipoanza kuingia sokoni kutoka mashamba mengi na mabaki yake kukosa mwenyewe. Gunia la majani ya kabichi linalotupwa kwenye kizimba cha soko ni mbolea iliyopoteza shamba.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa mabwana afya wenyewe: watu hawatenganishi taka, na mboji iliyotokana na taka za mjini huwa na vioo na vipande vya mifuko, mkulima anaikataa. Ni kweli, na mkulima ana haki. Mboji iliyochambuliwa baada ya kuchanganywa haitakuwa safi kamwe. Lakini hilo linatuelekeza pa kuanzia. Msianze na nyumba elfu moja, kila moja na tabia yake. Anzeni na masoko, ambako taka nyingi ni za aina moja, zinazalishwa mahali pamoja, na mwenye meza anajulikana kwa jina na kwa ushuru anaolipa. Agizo likitoka kwamba maganda na majani yanakaa upande huu, mifuko na chupa upande ule, mzoaji ataona kwa macho nani amekaidi. Tusidanganyike kwamba tabia haibadiliki kabisa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 wauzaji walewale wanafunga bidhaa bila mifuko ya plastiki ya kubebea, na waliodai haiwezekani walikuwa wengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo tayari inazikabidhi halmashauri jukumu la taka ngumu, kutenganisha kukiwemo.

Dampo bado litahitajika. Nepi, betri, viatu vilivyochakaa na plastiki zisizo na mnunuzi haziendi kwenye mgomba, na taka za Hospitali ya Makandana zina njia yake ya pekee. Ila dampo la vitu hivyo ni dogo na kavu, linadumu muda mrefu zaidi, na halina sababu ya kumpeleka jirani mahakamani. Kwa hiyo, madiwani, siku mtakapoletewa pendekezo la kutafuta eneo jipya, ombeni kwanza takwimu moja: katika kila gari linalotoka sokoni, kiasi gani ni maganda na majani? Pendekezo lisilo na jibu hilo lirudisheni.