Wakijaza bahari ni maendeleo, ukijenga kando ya mto ni uvamizi

Wasee, mnakumbuka Mei 2024. Mvua ilinyesha mpaka Mathare ikawa ziwa, halafu serikali ikatoa amri: kila mtu aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame. Tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Huku Mowlem kwetu ploti haikuguswa, lakini Mto Nairobi unapita hapo upande wa Dandora, na wiki hiyo kila mtu alikuwa anapima kwa macho, mita 30 zinafika wapi. Mama mboga wetu alimpokea dadake na watoto watatu na godoro moja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, msiniite profesa. Lakini swali moja lilinikwama tangu siku hiyo: ni nani huamua maji yanaishia wapi na ardhi inaanzia wapi? Nikaanza kusoma, na nikajikuta mbali na mto wetu, nikajikuta Pwani.

Unguja kwanza. Zamani Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Upande wa mashariki kulikuwa na mkono wa bahari, maji yakijaa ni bahari, yakitoka ni tope. Waliokaa upande wa pili waliitwa watu wa Ng'ambo, na palipokuwa na daraja pakaitwa Darajani. Mkono huo ulijazwa kidogo kidogo kuanzia karne ya 19, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 maji yalikuwa yameisha. Leo ukisimama soko la Darajani hakuna daraja na hakuna maji. Ila Ng'ambo bado ni Ng'ambo. Bahari ilizibwa, jina la kukutenga likabaki. Mtu wa Eastlando anaelewa hiyo bila kuelezewa, maana mkoloni alitupangia upande wetu wa Nairobi vilevile, chini ya reli, karibu na mto.

Sasa Mombasa. Mara ya kwanza nilienda na basi la usiku, nikaamshwa na harufu. Nikadhani nimerudi Dandora, walai. Kumbe hapo Kibarani, ukingoni mwa bahari, palikuwa jalala la mji kwa miaka mingi, takataka zikisukumwa mpaka kwenye maji. Jalala lilifungwa baadaye na miti ikapandwa, lakini harufu kwa kumbukumbu haifungwi.

Mbele kidogo ya hapo ni Makupa, na hii ndiyo stori ninayotaka mshike. Mombasa ni kisiwa. Reli ya Uganda ilipojengwa mwishoni mwa karne ya 19, treni ilivuka kwenda bara juu ya daraja. Mwaka 1929 mkoloni akaona daraja ni usumbufu, akajaza. Tuta la mawe na udongo, barabara juu, reli juu, biashara imeisha. Rahisi, imara, na magari yakapita miaka zaidi ya 90.

Lakini fikiria maji. Kabla ya tuta, bahari ilizunguka kisiwa chote, maji ya upande wa Port Reitz yakikutana na ya upande wa Tudor. Kila siku maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili, yakisafisha, yakibeba chakula cha samaki, yakinywesha mikoko. Tuta likakata huo mzunguko. Pande zote mbili maji yakakosa pa kupitia, tope likatulia, na uchafu wa mji ukatulia nalo. Hakuna aliyemuuliza mvuvi wa Makupa mwaka 1929. Nani angemuuliza?

Halafu Agosti 2022 Rais Uhuru Kenyatta akafungua Daraja jipya la Makupa. Urefu mita 457, gharama karibu shilingi bilioni 4.5, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kuondoa lile tuta ili maji yapite tena. Soma tena hiyo. Tumelipa mabilioni kufungua mlango ambao mkoloni aliufunga bure, kwa haraka zake. Mimi naunga mkono hilo daraja. Kinachonikera ni kwamba tulijua makosa ya Makupa na bado tukaendelea kujaza kwingine kwa mtindo uleule wa kutouliza mtu.

Lamu ndiyo ushahidi. Machi 2012 Rais Kibaki alizindua ujenzi wa bandari pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Ghuba ya Manda ikachimbwa ili meli kubwa ziingie, mikoko ikakatwa, sehemu ya bahari ikajazwa kuwa ardhi ya gati. Mvuvi wa Lamu anatumia dau, mtumbwi, mashua ndogo. Anavua karibu, kwenye matumbawe na mikoko. Ukimwambia aende bahari kuu na hicho chombo, unamtuma kufa.

Wakaenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mradi ulivunja haki zao, kuanzia mazingira safi na utamaduni wao mpaka kushirikishwa na kupewa habari, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ushindi mkubwa. Lakini gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021 kabla hela hizo hazijafika mikononi mwao. Meli ilitangulia fidia.

Najua mtaniambia nini. "Dubai ilijaza bahari, angalia ilipo." Sawa. Na mimi nguo zangu zote ni za Gikomba, na mitumba hiyo inapitia Kilindini, kwa hivyo sijifanyi siitaki bandari. Hata kituo cha pili cha makontena pale Kipevu, kilichofunguliwa 2016, sehemu yake ilikuwa bahari. Bandari lazima ikae mahali.

Shida yangu ni vipimo viwili. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema mito, maziwa, bahari na ufuo wote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, serikali ya kitaifa inaishikilia kwa amana kwa niaba yetu. Mto wa Mathare na Ghuba ya Manda, sheria ni hiyo moja. Kwa mama wa Mathare amana ilikuja na tingatinga na notisi ya saa chache. Kwa mvuvi wa Manda, yule mwenye amana ndiye aliyekuja na udongo, na mvuvi akalazimika kutafuta wakili na kusubiri kesi miaka sita.

Mpango mzima wa Lamu unasema gati zaidi ya 20. Zilizojengwa ni 3. Pale zinapopangwa zile zingine bado ni bahari, na kuna watu wanavua.